Bustani ndogo, jioni ndefu: kulima mchicha Minnesota na kukaa nje na watoto

Mwaka wangu wa kwanza kulima huku Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, nilipanda tarehe 20 Aprili. Joto lilikuwa limekaa wiki nzima, watu wanatembea na kaptula, nami nikajiona kama mkulima wa Muheza aliyeona wingu la kwanza la masika. Nikatoa miche ya nyanya, bamia na pilipili, nikaipanga kwenye tuta kwa kamba kabisa. Usiku wa tarehe 11 Mei jalidi, yaani umande unaoganda kuwa barafu, ikaanguka. Asubuhi miche yote ilikuwa imelala, majani meusi na teketeke kama mboga iliyosahauliwa sufuriani.

Mwaka wa pili nikakosea upande mwingine: nililima kupita kiasi. Uwanja wote wa nyuma, pamoja na kiwanja cha kukodi kwenye bustani ya jumuiya. Nikitoka kazini naenda kupalilia, nikitoka kupalilia nalala. Watoto wamefunga shule, jua halizami, baba yao yuko shambani. Mke wangu akaniambia, "Baba Salma, umejiongezea shifti ya tatu, tena hii hailipi."

Mwongozo huu ni wa mtu kama mimi: ana familia, ana shifti, anataka mboga za kwao mezani, na hataki miezi mitatu ya watoto kuwa nyumbani impite akiwa ameinama. Kipimo changu siku hizi ni nusu saa ya kazi kwa siku. Bustani ikidai zaidi ya hapo, naipunguza.

Neno moja kabla hatujaanza. Kiangazi cha huku si kiangazi chetu. Kwetu ukisema kiangazi mtu anafikiria ukame na vumbi. Huku ndiyo miezi ya kijani na mvua za radi, Juni mpaka Agosti, na majira ya kuchipua yanayoitangulia ndiyo yenye matope na ubishi wa baridi.

Hatua ya kwanza: soma baridi, siyo joto

Watu wengi huangalia mchana. Wewe angalia usiku. Mchana unaweza kufika nyuzi 24 za Selsiasi, usiku uleule ukashuka chini ya sifuri. Maeneo ya Minneapolis na St. Paul, jalidi ya mwisho hupita kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, na ya kwanza hurudi mwisho wa Septemba au mapema Oktoba. Ukikaa kaskazini zaidi, kama Duluth, ongeza siku kadhaa mbele na punguza siku kadhaa nyuma. Kwa hiyo msimu mzima ni kama miezi mitano, na kwa mboga zinazopenda joto ni mitatu na nusu tu.

Wenyeji wana kanuni yao: nyanya hazitoki nje kabla ya Siku ya Mama, ambayo Marekani huwa Jumapili ya pili ya Mei. Mimi kwa bamia, mchicha na matembele huongeza wiki moja au mbili. Udongo ukiwa baridi mbegu haioti, inaoza. Nunua kipimajoto cha nyama cha bei rahisi, kichome udongoni inchi mbili saa za asubuhi. Kikisoma nyuzi 18 za Selsiasi, yaani kama 65 za Farenhaiti, siku tatu mfululizo, mwaga mchicha wako bila wasiwasi.

Sukuma wiki ndiyo imetoka kundi jingine. Hiyo ni ndugu wa kabichi, baridi ndogo haiisumbui. Miche yake naitoa nje katikati ya Aprili, na ndiyo dawa ya wenye haraka kama nilivyokuwa mimi: unapanda sukuma, mikono inatulia, nyanya zinabaki salama dirishani.

Hatua ya pili: tuta moja, na uliwekee mipaka

Tuta la futi nne kwa nane linatosha familia ya watu watano kwa mboga za majani. Nasema hivi nikiwa nimejaribu kubwa na dogo. Futi nne kwa sababu mkono unafika katikati kutoka upande wowote bila kukanyaga udongo. Upana ukizidi hapo, watoto wataingia ndani na udongo utashindiliwa kama njia ya ng'ombe.

Tafuta mahali panapopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi. Mboga za majani zinavumilia hata saa nne au tano, lakini nyanya na bamia zikikosa jua zinarefuka tu kama vijana waliobalehe, matunda hakuna.

Kama utachimba, piga kwanza simu namba 811. Ni bure; watakuja kuweka alama za rangi palipopita gesi na umeme chini ya ardhi. Usiseme "nachimba kidogo tu." Na kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978, mwaka ambao Marekani ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi majumbani, udongo ulio karibu na kuta unaweza kuwa na mabaki ya rangi hiyo. Peleka sampuli ipimwe. Chuo Kikuu cha Minnesota kina maabara ya udongo inayopokea sampuli za watu wa kawaida. Au fanya nilivyofanya: jenga boksi la mbao juu ya ardhi, mbali na ukuta, ulijaze udongo safi wa kununua.

Hapo kwenye kununua ndipo pesa hupotea. Boksi la futi nne kwa nane lenye kina cha inchi kumi hula karibu yadi moja ya ujazo, yaani futi za ujazo 27. Mfuko wa dukani mara nyingi una futi moja na nusu. Piga hesabu: mifuko 18. Ni rahisi zaidi kuagiza yadi nzima ya udongo uliochanganywa na mboji kwa wauza mawe na udongo, waumwage mbele ya gereji, halafu familia nzima mshike makoleo na toroli. Kwetu hiyo ndiyo sikukuu ya kwanza ya mwaka. Binti yangu mdogo huingia ndani ya toroli tupu inaporudi, na hakuna anayemkataza.

Samadi mbichi usiiweke majira ya kuchipua. Ikigusana na mboga inatakiwa ipite miezi minne kabla ya kuvuna, na miezi minne huku ndiyo msimu wenyewe. Nunua iliyoozeshwa.

Unakaa ghorofani? Ndoo za galoni tano zinatosha. Toboa matundu sita chini, jaza udongo wa vyungu, usitumie wa uwanjani maana unashikana kama saruji. Soma mkataba wa nyumba kwanza kuhusu vitu vya kuweka kibarazani. Anayetaka kiwanja kwenye bustani ya jumuiya aulize Januari au Februari. Ikifika Mei vingi vimeshachukuliwa.

Hatua ya tatu: panda unachokula, acha unachokikumbuka tu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo moyo unapomponza mtu.

Mchicha ndio mfalme. Siku za Juni huku zina mwanga wa saa kumi na tano na nusu, na mchicha ukipata joto na mwanga huo unakua ukiutazama. Mbegu utazipata kwenye maduka ya Waasia na ya watu wa Karibiani. Wajamaika wanauita kalalu. Na usishangae ukiuona ukijiotea wenyewe. Mchicha pori umejaa Minnesota nzima, kwenye nyufa za barabara na mashamba ya soya, na wakulima wanauchukia. Ndugu yake mmoja aitwaye Palmer amepigwa marufuku kabisa na serikali ya jimbo. Mara ya kwanza kumwona jirani aking'oa magugu akajaza mfuko wa taka, nilichungulia ndani nikaona chakula cha jioni. Sikusema kitu. Ulikuwa mwezi wangu wa pili nchini.

Matembele ndiyo mboga isiyo na makelele. Hayasumbuliwi na wadudu sana, yanatambaa yanafunika magugu, na ukichuma yanaongezeka. Sukuma wiki ni ya kuanzia Juni mpaka theluji. Wenzetu wa Kenya wataongeza managu, sisi tunaita mnavu. Hiyo nunua mbegu yake inayoeleweka, usichume ya porini: huku kuna mimea inayofanana nayo yenye sumu, ukiwemo mmoja unaotambaa kwenye uzio na kuzaa vitunda vyekundu ambavyo watoto wanavipenda kwa macho. Mlenda tafuta kwenye maduka ya Waarabu kwa jina la mulukhiya. Unataka joto, usiupande kabla ya Juni.

Nyanya chungu zinawezekana kwa mtu mvumilivu, mradi aanze kuotesha ndani mapema Machi. Bamia pia.

Kisamvu sahau. Muhogo hautaki utani na baridi, na kuhamisha chungu cha muhogo ndani na nje kila Oktoba ni kujitafutia maumivu ya mgongo. Kisamvu kilichotwangwa kinauzwa kwenye friza za maduka ya Kiafrika, kinatosha.

Halafu lile la mbegu za kutoka nyumbani. Mama alipokuja kututembelea alitaka kufunga mbegu za mchicha kwenye kitambaa, azitie kati ya kanga. Tukamzuia kwa simu. Mbegu za kupanda zinazoingia Marekani zinadai cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka, na ukikutwa nazo huna, zinachukuliwa, na usipozitaja kwenye fomu unaweza kupigwa faini. Mama alikuja mikono mitupu, akasonya alipoona pakiti ya mbegu hizohizo dukani.

Hatua ya nne: dirisha la Machi

Nyanya hutaka wiki sita mpaka nane ndani kabla ya kutoka. Pilipili na nyanya chungu, nane mpaka kumi. Hesabu kurudi nyuma kutoka 20 Mei. Dirisha linaloangalia kusini linafaa, ila mwanga wa Machi ni hafifu. Taa ya kawaida ya mrija iliyoning'inizwa inchi chache juu ya miche, iwashwe saa kumi na nne kwa siku, ndiyo inayozuia miche kuwa mirefu na dhaifu.

Matembele yana raha yake. Aprili mapema chukua kiazi kitamu, hasa kile cha kilimo hai, maana vingine vya dukani vimewekewa dawa ya kuzuia kuchipua. Kilaze nusu kimezama kwenye trei ya udongo wenye unyevu, mahali penye joto. Juu ya friji panafaa. Baada ya wiki kama sita kinatoa vichipukizi. Vikifika kiganja, vikate, vitie kwenye glasi ya maji. Siku chache tu vinaota mizizi myeupe kama nyuzi. Glasi hiyo ikae mezani mnapolia chakula. Mwanangu wa kiume, ambaye mboga haipiti kinywani bila mazungumzo marefu, alihesabu mizizi kila asubuhi kabla ya basi la shule, na siku mizizi ilipofika 14 alidai imetosha, tukapande. Nje bado kulikuwa na baridi.

Hatua ya tano: kuzoesha, halafu kupanda

Miche iliyolelewa ndani haijui upepo. Itoe nje kivulini kwa muda wa saa moja siku ya kwanza, ongeza kidogokidogo, mpaka baada ya siku saba hadi kumi ilale nje. Usiruke hatua hii. Jua la Mei huunguza majani yakawa meupe kwa mchana mmoja.

Mchicha haupandwi mche. Changanya mbegu na mchanga mkavu, kiasi cha kijiko kimoja cha chai cha mbegu kwa kikombe cha mchanga, mwaga kwenye mistari, funika kwa udongo mwembamba usiozidi nusu sentimita. Mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo, siyo mpira wa maji, la sivyo mbegu zote zitakusanyika kona moja. Udongo ukiwa na joto, ndani ya wiki unaona nyuzi nyekundu na kijani. Rudia mstari mwingine kila baada ya wiki mbili mpaka mwisho wa Julai. Usimwage zote siku moja. Utakula mchicha kwa wiki mbili mpaka uuchukie, halafu uukose.

Matembele na mlenda, wiki ya kwanza ya Juni.

Zungushia wavu wa kuku wenye urefu wa futi mbili, ukingo wake ufukiwe inchi chache chini. Sungura wa huku wamenona na hawana haya. Kindi nao watachimbua udongo uliotifuliwa karibuni hata kama hakuna wanachotafuta. Tandika wavu juu ya mistari mpaka miche ishike. Sukuma funika kwa kitambaa chepesi cha bustani tangu siku ya kwanza, kabla kipepeo mweupe hajataga. Akishataga, viwavi vyake vina rangi ya jani lenyewe na utavigundua kwenye sufuria.

Hatua ya sita: mpe kila mtoto ndoo yake

Siyo kona ya tuta lako. Ndoo yake, jina lake limeandikwa, mmea auchague mwenyewe, na uamuzi wa kuua au kukuza uwe wake. Mkubwa wangu alichagua pilipili kali ambayo haili. Wa kati alipanda figili nyekundu kwa sababu zinaiva ndani ya mwezi. Mdogo alipanda kokoto tatu na alizeti moja, akazimwagilia zote sawa. Alizeti iliota.

Ukimlazimisha mtoto kupalilia tuta la familia, ataona bustani kama adhabu. Nimewaona watoto wa rafiki zangu ambao wakisikia neno "shamba" wanakumbuka mateso.

Hatua ya saba: maji na palizi

Hii ni fupi kwa makusudi. Tuta linahitaji kama inchi moja ya maji kwa wiki, mvua ikiwemo. Kwa futi nne kwa nane hiyo ni lita 75 hivi, ndoo nne za lita 20 kasoro kidogo. Mwagilia asubuhi mara mbili au tatu kwa wiki, maji yashuke, kuliko kulowesha juujuu kila siku. Ndoo za kibarazani ndizo zinazodai kila siku Julai.

Palizi fanya mara moja kwa bidii Juni. Kisha tandaza nyasi kavu au majani makavu unene wa inchi mbili mpaka tatu. Nyasi za uwanjani zilizopigwa dawa ya kuua magugu usizitumie. Matandazo yakishakaa na matembele yakatambaa, kazi inapungua yenyewe, na hapo ndipo Julai inapokuwa Julai.

Hatua ya nane: toa viti nje

Shule zinafungwa mapema Juni, zinafunguliwa karibu na Septemba mwanzoni. Siku ya tarehe 21 Juni jua linachomoza kabla ya saa kumi na mbili alfajiri na kuzama saa tatu usiku na dakika chache. Kwa sisi tunaoswali, magharibi inaingia baada ya saa tatu, na kumwambia mtoto "kalale" kabla ya magharibi ni kesi isiyo na hakimu. "Baba, usiku haujafika." Na kweli haujafika.

Mwaka wa kwanza tulipigana na mwanga: mapazia mazito, ratiba, kelele. Sasa tumeachia. Chakula cha jioni kinahamia nje saa mbili, mkeka unatandikwa kando ya tuta, simu zinabaki dirishani. Nikiwa na shifti ya asubuhi mimi ndiye ninayeingia kulala wa kwanza, nawasikia wanacheza kombolela gizagiza likiingia. Mchezo huo uliumbwa kwa ajili ya saa hiyo, na watoto wa majirani wasiojua Kiswahili wanapiga kelele "kombolela!" kuliko wangu.

Mama alipokaa nasi miezi ile, siku ya pili alitoka na kanga yake mabegani, akazunguka boksi, akalitazama huku na huku.

"Baba, hili ndilo shamba?"

"Ndilo, Mama."

"Hili mbona kama jeneza."

Akaketi kwenye ukingo wa ubao, akaanza kuchambua. Kesho yake alikuwa pale kabla ya jua kali, na keshokutwa pia. Hakuwa na lugha ya kuongea na mtu mtaani, lakini kulikuwa na bibi mmoja wa Kihmong nyumba ya tatu, mmoja wa wale wazee waliotoka Laos baada ya vita, naye analima mpaka kwenye ukingo wa njia. Siku moja nikawakuta wawili hao wamesimama kwenye matembele. Bibi yule akiminya ncha ya jani kwa kucha na kuonyesha sufuria kwa mikono. Mama akitikisa kichwa, akionyesha kukuna nazi. Wote wawili wakacheka sana. Jioni tulikuta fungu la giligilani mlangoni. Mama akamtuma Salma apeleke mchicha, akamfundisha aseme "Shikamoo, Bibi," naye akaenda akasema hivyohivyo, na bibi yule akamjibu kwa Kihmong.

Mambo mawili ya usalama msiyapuuze. Kupe wa Minnesota wanaweza kuleta ugonjwa wa Lyme, na wako wengi Mei mpaka Julai, hasa kwenye nyasi ndefu na vichaka. Kila mtoto akaguliwe kabla ya kulala: nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti, kwenye nywele. Ukimkuta kupe, mkamate kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha, osha, andika tarehe. Wekundu ukitanda au homa ikija, hospitali. La pili ni maziwa. Jimbo hili linajiita la maziwa elfu kumi, na watoto wetu wengi hawajui kuogelea. Waandikishe kabla ya kiangazi, na wewe pia kama hujui.

Mbu wapo wengi sana. Sisi wa Tanga hatuna la kulalamika, hawa hawana malaria.

Mwisho wa Juni na Julai, gizani, vimulimuli hutoka juu ya nyasi. Zima taa ya kibarazani.

Hatua ya tisa: chuma na pika siku hiyohiyo

Mchicha ukifika kiganja, ng'oa ile iliyobanana, ndiyo mboga ya kwanza. Ulioachwa ukifika sentimita 20, kata juu ukibakiza majani mawili au matatu chini. Utatoa matawi, utarudia mara tatu nne. Ukionyesha kuchanua, kata upesi, majani yanakuwa magumu.

Kwetu mchicha wa Jumamosi ni hivi. Kaanga kitunguu mpaka kilainike tu, usikiunguze. Nyanya mbili za tuta, chumvi. Mchicha uliooshwa mara tatu, maana mchanga wa Minnesota unauma meno kama wa Tanga, utie bila maji, funika dakika tatu. Unashuka, sufuria iliyojaa inabaki robo. Mimina nusu kopo la tui la nazi, koroga ukiwa kwenye moto mdogo mpaka lichemke pembeni, epua. Likichemka sana linakatika. Ugali wa sembe, samaki wa kukaanga akiwepo, pilipili ya yule asiyekula pilipili.

Mahindi ya huku ya Agosti ni matamu na laini mno. Ukiyaweka kwenye mkaa kama gobo la nyumbani yananyauka. Yachemshe, usibishane nayo.

Yanayozidi, chemsha majani dakika mbili, yatie kwenye maji ya barafu, kamua, gawanya kwenye mifuko ya mlo mmojammoja, weka friza. Februari utaishukuru mikono yako.

Hatua ya kumi: usiku wa jalidi

Kuanzia katikati ya Septemba soma utabiri kila jioni. Ukisikia nyuzi mbili au chini, kata matembele yote usiku huo, yote, na mchicha, na nyanya hata za kijani. Asubuhi yatakuwa meusi. Vaeni majaketi, mtoto mmoja ashike tochi, mwingine beseni. Ukitaka mbegu za mwakani, uwe umeshayakausha masuke ya mchicha mawili matatu mapema, uyapukute juu ya gazeti.

Sukuma iache ilipo. Jalidi inaiongezea utamu. Mwaka jana tuliichuma Novemba, theluji nyembamba juu ya majani, Salma akiipangusa kwa glovu huku akiuliza kama inabidi ioshwe tena.